Ndiva ya Taarifa: Upare na Maarifa Yanayopita Bondeni

Anayepanda kutoka Makanya kuelekea Bangalala na Vudee, wilayani Same, hukutana na mabwawa madogo ya udongo na mawe yaliyochimbwa kwenye mabega ya milima. Wenyeji huyaita ndiva. Mgeni anaweza kuyadhania madimbwi. Mkulima wa Upare anajua kwamba ni jibu la tatizo lililowasumbua mababu zake: chemchemi ipo, lakini maji yake ni uzi tu, na ukiyaacha yatiririke mferejini mchana kutwa, ardhi kavu huyanywa kabla hayajafika shambani kwa mtu. Kwa hiyo mfereji hujaza ndiva usiku, wakati hakuna anayemwagilia. Asubuhi kizibo hufunguliwa, na yale maji yaliyokuwa uzi hutoka na nguvu ya kufika mashamba ya mbali. Kila ndiva ina kamati yake na zamu zake. Ina pia siku za msaragambo, kazi ya pamoja ya kuzibua mifereji na kutoa tope, na mtu akizoea kuikwepa, siku ya zamu yake atakumbushwa.

Nimeanza na maji kwa sababu mjadala wetu kuhusu taarifa na teknolojia vijijini umekuwa, kwa muda mrefu sana, mjadala wa chemchemi. Tunauliza mnara umejengwa au haujajengwa, intaneti imefika au haijafika, kompyuta zimetolewa ngapi. Ni maswali halali. Lakini milima ya Upare inatufundisha kuuliza swali la pili ambalo ndilo gumu zaidi: mkondo mwembamba ukishafika kijijini, nani anaukinga, nani anaugawa, na nani anatoa tope?

Kila kitu hupita bondeni

Tazama ramani ya wilaya ya Same. Ni eneo la zaidi ya kilomita za mraba 5,000 lenye watu takribani 300,000. Magharibi ya milima ya Upare Kusini inapita reli ya Tanga, ambayo Wajerumani waliifikisha Moshi mwaka 1911. Sambamba nayo inapita barabara kuu ya lami itokayo Dar es Salaam na Tanga kwenda Moshi na Arusha. Nyaya za simu zilifuata njia hiyo hiyo, na umeme ukafuata. Zama za nyaya za mwanga zilipofika, na Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza kujengwa mwaka 2009, hesabu ya wahandisi popote nchini ilikuwa ile ile: fuata barabara, fuata laini ya umeme, ndiyo njia ya bei nafuu.

Sasa inua macho. Mlima Shengena una urefu wa mita 2,462, na kwenye miteremko inayouzunguka ndiko wanakoishi watu wa Chome, Suji, Mbaga, Vunta, Bombo, Vuje na Mamba. Walikwenda huko juu zamani kwa sababu za busara kabisa: mvua, udongo mzuri, usalama, na hewa isiyo na malaria ya bondeni. Tambarare ya Same ni kavu. Mvua yake haitoshi mahindi ya kutegemewa. Wakoloni walipochora njia zao hawakuwa wakiwatafuta Wapare, walikuwa wakitafuta Kilimanjaro na bandari. Matokeo yake ni kwamba kwa zaidi ya miaka 100 miundombinu ya mawasiliano Upare imemhudumia msafiri anayepita kuliko mkazi anayekaa. Abiria wa basi la Arusha anaangalia video akiwa Hedaru, huku mwalimu aliye juu yake mlimani akipanda kwenye jiwe kutafuta mahali simu itakaposhika.

Jiwe hilo halina muujiza. Mawimbi ya simu yanapenda kwenda moja kwa moja. Mnara ulio bondeni unaangaza upande mmoja wa mgongo wa mlima na kuacha upande wa pili kwenye kivuli. Nyumba mbili zilizotenganishwa na korongo moja zinaweza kuwa nchi mbili tofauti: huku wanapokea picha, kule wanasubiri ujumbe mfupi uingie usiku. Ndiyo maana takwimu za mtandao kufika wilaya fulani humdanganya msomaji hata zinapokuwa sahihi. Wilaya inaweza kufikiwa, kata ikafikiwa, na kitongoji kikabaki gizani.

Kampuni za simu nazo hufuata pesa, na mteremko wenye kaya chache zilizotawanyika haurudishi gharama ya mnara, dizeli yake na mlinzi wake. Hilo lilitambuliwa kisheria mwaka 2006 ulipoundwa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ambao hukusanya michango ya watoa huduma na kutoa ruzuku ili minara ijengwe pale soko linapokataa. Mwezi Mei 2023 mfuko huo ulisaini mikataba ya minara 758 katika kata 713 nchini. Ni hatua kubwa, na asiyeisifu hajawahi kubebwa kwenye machela akiwa hana namna ya kuita gari. Hata hivyo mnara unajibu swali moja tu: je, ishara ipo? Maswali mengine unayaacha pale pale chini ya nguzo yake.

Serikali ilipohamia kwenye kioo

Zamani asiyekuwa na intaneti alikosa burudani na barua pepe. Leo anakosa serikali. Katika miaka kumi na mitano hivi huduma nyingi za umma zimehamia mtandaoni. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu yanapita kwenye mfumo wa Bodi ya Mikopo. Majina ya waliochaguliwa kidato cha tano hutangazwa mtandaoni, matokeo ya mitihani vilevile. Nafasi za kazi serikalini ni kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, usajili wa kampuni na jina la biashara ni BRELA kwa njia ya mtandao, malipo ya serikali ni kwa namba ya malipo. Hata laini ya simu yenyewe, tangu zoezi la alama za vidole lililofikia kilele Januari 2020, inadai kwanza namba ya kitambulisho cha taifa, NIDA.

Mabadiliko haya yameokoa mengi. Mzazi wa Gonja hahitaji tena kulala Dar es Salaam siku tatu kufuatilia karatasi moja. Lakini chukua kijana aliyemaliza kidato cha sita kwenye shule ya mlimani. Nyumbani kuna kiswaswadu kimoja ambacho baba huondoka nacho. Fomu ya mkopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, namba ya NIDA, picha, saini ya mdhamini, na nyaraka zilizopigwa skani. Anapanda bodaboda au basi la alfajiri kushuka Same au Ndungu, anaingia steshenari, anakaa pembeni ya mwenye kompyuta, na anajibu maswali. Mwenye kompyuta ndiye anayefungua akaunti ya barua pepe, ndiye anayebuni nywila, na mara nyingi ndiye anayeikumbuka. Jina likikosewa herufi moja, kijana atajua wiki kadhaa baadaye, na itakuwa safari nyingine.

Tukisema ukweli, basi, taasisi kubwa ya teknolojia ya umma Upare ni steshenari. Haikupangwa na mtu yeyote, haina mafunzo wala kiapo cha kutunza siri, na inaishi kwa kutoza kila ukurasa. Mwenzake ni wakala wa miamala, ambaye tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008 amekuwa benki, mshauri na wakati mwingine mwandishi wa barua. Watu hawa ndio daraja. Wengi ni waaminifu, na bila wao vijana wengi wasingefika chuoni. Kasoro ni kwamba tumejenga serikali ya mtandao juu ya mabega yao bila kuwatambua, kuwafundisha wala kuwawekea kanuni.

Juu ya hapo kuna gharama zisizoonekana kwenye bei ya bando. Kuna simu yenyewe: simu janja ya kuaminika ni pesa ya magunia, na katika kaya yenye simu moja huwa mikononi mwa mwanamume, kwa hiyo ujumbe wa kliniki unaomhusu mama unasomwa kwanza na mtu mwingine, kama unasomwa. Kuna chaji, ingawa Wakala wa Nishati Vijijini umepunguza sana adha ya kupeleka simu dukani ikachajiwe. Na kuna lugha. Mifumo mingi ya umma huzungumza Kiingereza cha ofisini. Bunge lilibadili sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, lakini ukurasa wa kompyuta haukuhudhuria kikao hicho. Bibi wa Chome anayesoma Biblia kwa Kiswahili na kuongea Chasu, lugha ya Wapare, na wajukuu si mjinga. Ameandikiwa na mtu asiyemfikiria.

Onyo lisilo na anwani

Kukosa taarifa si kukosa fursa tu. Mwezi Novemba 2009 mvua kubwa ilishusha ubavu wa mlima katika kijiji cha Goha, Mamba Miamba, na zaidi ya watu 20 wakafa wakiwa majumbani mwao. Milima hii ina miteremko mikali inayolimwa tangawizi na ndizi, na mvua ya vuli ikizidi, udongo hulegea.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imeboresha utabiri wake sana tangu wakati huo, na tahadhari hutolewa siku kadhaa kabla. Lakini sikiliza jinsi tahadhari inavyotamkwa: mvua kubwa inatarajiwa katika nyanda za juu kaskazini mashariki, yaani mikoa ya Arusha, Manyara na Kilimanjaro. Ndani ya eneo hilo kuna Longido kame, kuna theluji ya Kibo, kuna tambarare ya Same isiyoona mvua ya maana, na kuna mteremko wa Shengena unaolowa. Onyo kwa watu wote ni onyo lisilo na anwani. Ili limfae mtu wa Mamba lazima awepo anayelitafsiri: anayejua korongo lipi hujaa, nyumba zipi ziko chini ya mwamba uliolegea, na ana haki ya kugonga milango saa nne usiku akaaminiwa. Hakuna programu ya simu itakayofanya kazi hiyo peke yake.

Bei ya tangawizi ina hadithi ya namna hiyo, bila misiba. Wakulima wa Mamba Miamba wana ushirika na kiwanda cha kusindika, na zao lao linajulikana masokoni. Bado mkulima mmoja mmoja mara nyingi huijua bei ya Dar es Salaam kwa kumpigia shemeji aliyeko huko. Shemeji ni chanzo kizuri cha habari, ila si kila mtu ana shemeji Dar es Salaam. Asiye naye huuza kwa bei aliyoletewa na lori.

Waliotangulia kukinga mkondo

Tusijidanganye kwamba Upare ilikuwa kimya hadi simu ilipokuja. Wamisionari wa Kiadventista walifika Giti mwaka 1903, Walutheri wa Leipzig wakajenga Shigatini upande wa Upare Kaskazini, na shule zikaota kwenye miteremko mapema kuliko sehemu nyingi za nchi. Chasu ikaandikwa. Miaka ya 1950 Wapare walikuwa na gazeti lao la Kiswahili, Habari za Upare, lililochapisha mambo ya halmashauri, kilimo, shule, na barua za wasomaji waliobishana na wakubwa wao. Nakala moja ya gazeti kama hilo haikusomwa na mtu mmoja. Ilisomwa kwa sauti, ikapita mikono, ikabishaniwa sokoni.

Kampeni za redio baada ya uhuru zilitumia maarifa hayo hayo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia takribani watu milioni mbili nchini. Redio zilikuwa chache. Siri ilikuwa vikundi: watu walikusanyika siku na saa maalumu, wakasikiliza kipindi, kiongozi wa kikundi aliyefundishwa akafungua kijitabu, wakajadili, kisha wakaamua kuchimba choo au kufukia dimbwi. Mkondo mmoja mwembamba wa redio ulikingwa na watu, ukagawanywa kwa zamu, ukafanya kazi shambani. Ilikuwa ndiva, ingawa hakuna aliyeiita hivyo.

Na kuna Mbiru. Mapema miaka ya 1940 watawala wa Upare, kwa baraka za serikali ya kikoloni, walianzisha kodi iliyopanda kulingana na mali, wakaipa jina la ushuru wa kale, mbiru. Wananchi waliikataa. Walilalamika kwamba jambo liliamuliwa bila wao na walitilia shaka namna mali yao ilivyopimwa. Mwanzoni mwa 1945 maelfu waliteremka kutoka milimani hadi makao ya wilaya Same, wakapiga kambi wakitaka jibu. Huko Usangi, Upare Kaskazini, wanawake nao waliandamana. Hatimaye kodi hiyo ilifutwa. Profesa Isaria Kimambo, mwanahistoria mzaliwa wa Upare, aliandika kisa hicho mwaka 1971, na kwa kawaida hukumbukwa kama sura ya harakati dhidi ya ukoloni. Mimi nakisoma pia kama kisa cha taarifa. Watu wale hawakukosa tangazo. Tangazo walilipata vizuri. Walichokosa ni nafasi ya kuuliza na kujibiwa.

Haki ya kuuliza

Hapo ndipo mijadala mingi ya teknolojia vijijini inapojikwaa. Tunazungumza kana kwamba taarifa ni maji yanayoshuka tu, kutoka juu kuja chini. Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 ikaweka utaratibu: raia aombe kwa maandishi, mamlaka ijibu ndani ya siku 30. Sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila baada ya miezi mitatu, na desturi ni mapato na matumizi kubandikwa kwenye ubao wa matangazo.

Kwenye karatasi, basi, mkazi wa Vunta ana nyenzo za kutosha. Anaweza kuuliza kwa nini dawa zimeisha zahanati, au kwa nini mradi wa maji wa Same, Mwanga na Korogwe, ulioanza 2014, ulisubiriwa hadi Machi 2025 ndipo ukazinduliwa. Katika maisha halisi ni wachache sana wanaojua kwamba sheria ya 2016 ipo, na aliye jirani na mtendaji wa kijiji hufikiria mara mbili kabla ya kumwandikia barua ya kudai hesabu. Kijijini mdai na mdaiwa hukutana msibani.

Mkono unaofungua unaweza pia kufunga. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwatoza wenye blogu ada za leseni zilizozidi shilingi milioni mbili, kiasi ambacho kijana wa Same anayetaka kuandika habari za kata yake hakuwa nacho. Uchaguzi wa 2020 ulikuja na vizuizi kwenye mitandao ya kijamii, na uchaguzi wa Oktoba 2025 ukaja na kuzimwa kwa intaneti nchi nzima kwa siku kadhaa. Siku hizo minara ilikuwa imesimama pale pale. Kijiji kilichotegemea mkondo mmoja tu kilipata somo ambalo wenye ndiva walilijua: asiye na akiba hushikwa na anayeshika kizibo cha juu.

Waliojaribu

Afrika Mashariki ina kumbukumbu nzuri ya majaribio, na kila moja lina la kufundisha.

Sengerema, mkoani Mwanza, ilifungua kituo cha mawasiliano cha jamii mwaka 2001 kwa msaada wa mashirika ya kimataifa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Kilikuwa na kompyuta, intaneti na baadaye redio. Vituo vya namna hiyo vilienea barani, na vingi vilidhoofika mfadhili alipoondoka. Simu janja zilipofika watu waliacha kulipia kompyuta, na waliozijua kompyuta walipata ajira mjini. Vilivyodumu vilikuwa na kitu ambacho simu haikitoi: mtu wa kusaidia, redio ya mahali, mafunzo.

Jirani zetu wa magharibi, Simanjiro, wana redio ya Orkonerei iliyoanzishwa Terrat mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ilizungumza Kimaasai na Kiswahili, ikatangaza bei za mifugo na malisho, na ikawa mahali pa kumtafuta ng'ombe aliyepotea. Nguvu yake ni kwamba msikilizaji ni mtangazaji pia. Kondoa ilijengewa mtandao wa jamii kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Dodoma, ukitumia masafa ya televisheni yaliyobaki wazi, ambayo hupenya miti na vilima vizuri kuliko ya kawaida ya Wi-Fi. Kwa nchi ya makorongo kama Upare fundisho hilo ni la moja kwa moja. Kenya, tangu 1996, maktaba ya taifa imepeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa. Watu walicheka, lakini ngamia alifika mahali gari lilipokwama, na alirudi kwa ratiba.

Mfano ninaoupenda zaidi ni m-mama. Mjamzito akipata dharura, mtu yeyote hupiga 115 bila malipo, hata kwa kiswaswadu. Kituo cha wilaya au mkoa hupokea, hupima hali kwa maswali, na kama gari la wagonjwa halipo humwita dereva wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Teknolojia nzito imewekwa kwa mpokea simu, si kwa mama. Mama anahitaji namba tatu tu na mtu wa kuzipiga. Mifumo yetu mingi imefanya kinyume: imemtwisha mzigo wa teknolojia yule mwenye uwezo mdogo kuliko wote kwenye mnyororo.

Kuchimba ndiva

Ndiva ya taarifa ingekuwa kitu gani hasa? Sehemu yake ya kwanza inaweza kushikwa mkononi. Kompyuta ndogo ya ukubwa wa pakiti ya sigara, diski na paneli ya jua vinatosha kuhifadhi vitabu vya kiada kutoka maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, mitihani iliyopita, Wikipedia yote ya Kiswahili yenye makala zaidi ya 80,000, sheria muhimu, fomu za serikali, na video za kilimo. Yeyote aliye karibu anaunganisha simu yake kwa Wi-Fi na kusoma bila bando. Usiku, mtandao ukiwa mwepesi na bando rahisi, chombo hicho hupakua yaliyo mapya: tahadhari ya hali ya hewa, bei za masoko, matangazo ya mikopo. Asubuhi kizibo kinafunguliwa. Programu za kufanya hivyo, kama Kiwix na Kolibri, ni za bure, na shirika la Powering Potential limeonyesha, kuanzia Karatu, kwamba maabara za namna hii zinaweza kuishi kwenye sekondari zetu kwa umeme wa jua.

Wazo lenyewe si geni hata kwa vijana. Nani asiyejua kibanda cha kuingiziwa nyimbo na muvi kwenye memori kadi? Cuba, ambako intaneti ilikuwa ghali na haba, diski zenye filamu, habari na programu zimezunguka nchi nzima kila wiki, mkono kwa mkono, na watu wakaziita kifurushi cha wiki. Penye mkondo mwembamba binadamu huchimba bwawa, aambiwe asiambiwe.

Sehemu ya pili ndiyo ngumu: kamati. Kompyuta nyingi zilizotolewa kwa shule zimezeeka kwenye kabati lililofungwa, na ufunguo uko kwa mwalimu mkuu anayeogopa hasara. Ndiva ya maji haifungwi kabatini kwa sababu wenye mashamba wako pale, wanajua zamu zao, na wana haki ya kufoka. Chombo cha taarifa kinahitaji wenye mali wa namna hiyo: wawakilishi wa shule, zahanati, ushirika, kanisa na msikiti, na vijana wa steshenari wenyewe, ambao badala ya kufukuzwa sokoni wafundishwe, wapewe kitambulisho, bei zibandikwe ukutani, na nywila ya mteja iwe ya mteja. Kinahitaji mtunza ndiva anayelipwa kidogo lakini anayelipwa, maana kujitolea ni kuzuri hadi msimu wa kulima. Na kinahitaji mahali ambapo mama anaweza kuingia bila kuomba ruhusa: zahanati siku ya kliniki inafaa kuliko ofisi ya kijiji siku ya kikao.

Sehemu ya tatu ni mkondo wa kupanda. Mtunza ndiva awe na daftari la maswali. Swali la dawa, la barabara, la hati ya ardhi liandikwe, lipelekwe halmashauri kwa utaratibu wa sheria ya 2016, na jibu lisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Barua ikitoka kwa kamati, jirani mmoja habebi lawama peke yake. Daftari hilo ni la karatasi na linagharimu shilingi chache. Huenda ndicho kifaa chenye nguvu kuliko vyote.

Kuna pingamizi la haki hapa. Mtu atasema: kwa nini Mpare wa mlimani apewe maji ya bwawa wakati wa Masaki, Dar es Salaam, anaoga kwenye bomba? Je, huku si kuhalalisha intaneti ya daraja la pili? Wasiwasi huu una msingi, na jibu lake ni kwamba ndiva haikuwahi kuwa sababu ya kuacha kudai chemchemi. Minara iendelee kujengwa, na iulizwe kitongoji kwa kitongoji, si wilaya kwa wilaya. Lakini hata Masaki yenyewe inakatikiwa. Mei 2024 nyaya mbili za baharini zilipokatika kwa pamoja, ukanda mzima wa Afrika Mashariki ulikwama. Akiba ya karibu humfaa kila mtu. Mlimani imejulikana mapema tu.

Pingamizi la pili ni la pesa. Diski na paneli ni gharama ndogo ukilinganisha na mnara. Posho ya mtunza ndiva ndiyo inayotisha bajeti, kwa sababu haina utepe wa kukatwa. Serikali na wafadhili hupenda vitu vinavyopigwa picha, na mtu anayekaa zahanati kila Jumanne akisaidia wengine kujaza fomu hapigwi picha. Ila ukihesabu nauli zote zinazoshuka Same kila msimu wa maombi ya mikopo, na fomu zote zinazorudi kwa herufi moja iliyokosewa, utaona kwamba posho hiyo inalipwa tayari. Inalipwa na wenye kipato kidogo, kwa bodaboda, barabarani.

Mwaka 1945 watu waliteremka milima hii hadi Same kutafuta jibu ambalo hakuna aliyewapandishia. Zaidi ya miaka 80 baadaye wajukuu wa wajukuu wao wanateremka njia zile zile alfajiri, bahasha kwapani, kwenda kufunguliwa akaunti. Siku ile msichana wa Vunta atakapojaza fomu yake akiwa Vunta, kwa nywila anayoijua yeye peke yake, na mama yake atakapomsikia mtendaji akisoma jibu la swali alilolipeleka, hapo tutasema taarifa imefika Upare. Kabla ya siku hiyo kuna tope la kutoa, na kazi ya kutoa tope Wapare wameshaipa jina.